Jina, Kijiji na Mnada

Jina ni nguo ya kwanza avikwayo mtu, nayo ni nguo ambayo fundi huishona kwa kipimo kimoja kwa watu wengi. Katika nchi ya Songea jambo hili huonekana wazi kuliko mahali pengi nilipokaa. Tangu Wabenediktini walipofungua misheni ya Peramiho mwaka 1898, watoto wengi wa nchi hii wamebatizwa kwa majina ya watakatifu. Na orodha ya watakatifu, ingawa ni ndefu, ina majina machache yapendwayo na mengi yasahauliwayo. Upande wa pili yako majina ya koo: Komba, Ngonyani, Haule, Mapunda, Nyoni, Mhagama, Gama, na mengineyo. Yaoze machache ya upande huu na machache ya upande ule, kisha uyagawe kwa watu maelfu kwa maelfu, na huna haja ya kuwa mwanahesabu kuyajua yatakayotokea. Ukisimama sokoni ukaita Maria Ngonyani, watageuka wanawake watatu, na mmoja wao pengine atakuwa amembeba wa nne mgongoni.

Mji wenyewe hauna nafuu. Songea ni mtu: nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 katika vita vya Majimaji, akauachia mji jina lake. Songea ni mji. Songea ni wilaya. Tena zipo halmashauri mbili zenye jina hilo, moja ya manispaa na moja ya wilaya, na asomaye majedwali ya serikali akaona neno Songea peke yake hana budi kuuliza ni ipi. Majengo iko hapa kwetu, iko Moshi, iko Dodoma. Na ukivuka mpaka utaikuta Mombasa na Nairobi. Barua iliyoandikwa Majengo bila jina la mji imetumwa kwa upepo.

Walakini wanadamu hawakushindwa na shida hii, kwa kuwa waliijua kabla ya kujua kusoma. Jina likiwa la wengi, huongezewa dalili ya pili. Husemwa Maria wa Lizaboni, ili asidhaniwe Maria wa Mfaranyaki. Huitwa mama fulani kwa jina la mwanawe wa kwanza. Watu wa pwani huongeza jina la baba, na wakihitaji huongeza la babu. Na fomu za nchi yetu leo hudai majina matatu kwa sababu iyo hiyo. Hata kitambulisho cha taifa, chenye namba ya tarakimu 20, hakikuanza na namba tupu: tarakimu nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mtu anapomtafuta mwenziwe kwa masharti mawili au matatu kwa pamoja, hahisi kuwa anafanya kazi ya akili. Huifanya kama apumuavyo.

Mashine haipumui. Nataka kusema habari za lahajedwali, yaani ile karatasi ya mistari iliyomo ndani ya kompyuta, ambayo leo imeingia katika kila ofisi yenye umeme na katika baadhi zisizo nao. Ilianza Marekani mwaka 1979, Dan Bricklin na Bob Frankston walipotoa programu ya VisiCalc. Programu ya Excel ikafuata mwaka 1985, nayo ndiyo iliyoenea zaidi huku kwetu. Faida zake ni nyingi, na sitaki kuzihesabu hapa. Nitasema juu ya kazi moja tu: kutafuta. Unayo orodha ya majina na vitu vilivyo mbele yake. Unaipa mashine jina, nayo inakurudishia kitu. Kanuni ya kazi hiyo ijulikanayo kwa wengi huitwa VLOOKUP. Hushuka katika safuwima ya kwanza kama mtu ashukaye ngazi, na pale inapokutana na jina uliloitaja husimama, huchukua kilicho mbele yake, na hurudi. Haishuki ngazi inayofuata. Kama chini yake yuko mwingine mwenye jina lilo hilo, au watano, haina habari nao; na kwa kuwa haina habari nao, haikuambii.

Hapo ndipo ilipo hatari. Kanuni ikikosa kabisa, hulia: seli hujaa alama ya kukosa, na hata karani aliyesinzia huamka. Ikipata isivyo, hunyamaza. Jibu la uongo na jibu la kweli hukaa katika seli mbili zinazofanana, kwa mwandiko mmoja na wino mmoja.

Mama yangu mdogo ni mkulima wa ufuta. Shamba lake liko kijijini, upande wa Namtumbo, na mazao yake huuzwa kwa njia ya stakabadhi ghalani. Kwa msomaji asiyeishi kusini nitaeleza kwa kifupi. Mkulima hupeleka ufuta wake kwenye chama cha msingi. Hupimwa, huandikwa, hupewa stakabadhi. Mzigo wake huchanganywa na ya wenzake ukaenda ghala kuu. Wanunuzi hushindana kwa bei katika mnada. Na fedha, baada ya makato, huja kwa chama na kisha kwa mkulima kupitia benki. Katika msimu mmoja minada ni kadhaa, na kila mnada una bei yake. Kwa hiyo haitoshi kujua mkulima ni nani. Ni lazima pia kujua mzigo wake uliingia mnada upi.

Msimu mmoja mama mdogo alipeleka mara mbili. Mara ya kwanza kilo 84, ukaingia mnada wa kwanza. Mara ya pili kilo 212, ukaingia mnada wa pili. Alikwisha hesabu mabati ya kuezekea nyumba kabla ya mvua za Novemba, na aliyahesabu kwa kilo hizo za pili. Fedha zilipokuja, zilikuja mara mbili kama ilivyotarajiwa, lakini mara zote mbili zilikuwa za kilo 84. Alikwenda chamani. Chama hicho sitakitaja jina. Walimwonyesha karatasi iliyochapwa, safi, yenye jina lake na kilo 84 katika minada yote miwili, wakamwambia, "Mama, kompyuta haikosei." Naye, ambaye alimwona mpimaji akiandika 212 kwa macho yake mwenyewe, alirudi nyumbani akiwa na stakabadhi mkobani na shaka juu ya akili yake.

Hilo la shaka ndilo lililonichoma. Kilo 128 za ufuta ni mabati ya upande mmoja wa nyumba, na mabati hununuliwa tena; lakini mzee aliyelima miaka arobaini kwa kuamini macho yake, kuambiwa na karatasi kuwa macho hayo yamezeeka, ni hasara isiyoandikwa katika daftari lolote. Nilipofika likizo aliniambia kwa sauti ya chini, kama aungamaye, "Mwanangu, pengine nilisikia vibaya." Nilimwomba stakabadhi. Ilikuwa imeandikwa 212.

Tulikwenda pamoja chamani. Karani alikuwa kijana mpole, mwenye adabu, aliyejifunza lahajedwali kwa juhudi yake mwenyewe na bila mwalimu. Aliniamkia shikamoo, akampa mama mdogo kiti, akafungua kompyuta bila kinyongo. Nililoliona halikuwa wizi, na nilifurahi kuliona hivyo. Alikuwa na jedwali moja la mizigo, ambamo kila mzigo uliopimwa ulikuwa na mstari wake: jina, kijiji, mnada, kilo. Alikuwa na jedwali la pili la malipo. Katika hilo la pili kilo zilitafutwa kwa jina peke yake. Basi kanuni ilishuka ngazi kutafuta jina la mama mdogo kwa ajili ya mnada wa kwanza, ikapata 84. Ikashuka tena kwa ajili ya mnada wa pili, ikasimama pale pale iliposimama kwanza, ikarudi na 84 ile ile. Mstari wenye 212 ulikuwa chini zaidi, nao haukupata kufikiwa.

Si hayo tu. Jina la mama mdogo lilikuwa na wenyewe wawili wengine katika vijiji vingine. Mmoja alikuwa amepeleka kilo 31, akalipwa za kilo 84. Huyo hakulalamika, wala simlaumu. Ni nani apokeaye zaidi ya haki yake, kutoka kwa mashine asiyoijua, akaenda kugonga mlango wa ofisi? Ndiyo maana makosa ya namna hii huonekana machache kuliko yalivyo. Walioumia husikika nusu, kwa kuwa wengine wao hujitilia shaka wenyewe. Walionufaika hawasikiki kabisa.

Nilimtafutia kijana yule mfano, na mfano ulio karibu nami ni kamusi, maana ndiyo kazi yangu. Nikamwambia, "Nitafutie neno kaa." Akacheka, akauliza ni kaa lipi. "Umejuaje kuwa yako mengi?" Akajibu kuwa kila mtu anajua. Kaa limezimika: hilo ni la moto. Kaa amejificha shimoni: huyo ni wa pwani. Kaa hapa: hilo ni tendo. Herufi ni zile zile tatu, na atafutaye kwa herufi peke yake atasimama kwenye kaa la kwanza katika ukurasa, akadhani amefika. Kinachotutoa katika shida ni sharti la pili, nalo ni ngeli, lililofichwa katika kiambishi kidogo cha mwanzo wa kitenzi: li-, a-, au pasipo kitu. Ndivyo lilivyo neno paa pia. Paa limevuja, paa amekimbia, ndege imepaa, na mpishi wa pwani humpaa samaki magamba. Lugha yetu haikuona haya kuwa na maneno yafananayo, kwa sababu iliweka sharti la pili karibu na kila neno, mahali ambapo msikilizaji hawezi kulikosa. Mgeni ajifunzaye Kiswahili hulalamika kuwa ngeli ni nyingi na hazina kazi. Ningempeleka chamani kwa mama mdogo akaione kazi yake.

Mama mdogo, aliyekuwa kimya, alisema, "Na langu limevuja." Sote tulimwelewa bila kuuliza ngeli.

Basi tukaingia katika dawa, na hapa nitamwomba msomaji avumilie mambo ya ufundi, kwa kuwa yana uzuri wake. Njia iliyo rahisi ni kuunda jina jipya kwa kuunganisha yale matatu. Katika jedwali la mizigo huongezwa safuwima moja, na ndani yake jina, kijiji na mnada huunganishwa vikawa neno moja refu. Katika jedwali la malipo hufanywa vivyo hivyo. Kisha hutafutwa neno refu badala ya jina fupi. Kanuni ni ile ile ya zamani, ila sasa neno moja linabeba masharti matatu. Kijana alilielewa mara moja. Nilimwongezea tahadhari moja, kwamba kati ya kipande na kipande atie alama, mathalan mstari mdogo wa wima. Yeye alitumia namba kwa vijiji. Na kijiji namba 1 katika mnada wa 12, vikigandamizwa bila alama, hutoa 112, na kijiji namba 11 katika mnada wa 2 hutoa 112 vilevile. Unganisha bila mpaka, na masharti mawili yatarudi kuwa moja, lenye hila kuliko la kwanza.

Njia ya pili ndiyo niipendayo. Kila mstari wa jedwali huulizwa maswali matatu. Je, jina ni hili? Je, kijiji ni hiki? Je, mnada ni huu? Ndiyo huhesabiwa moja, na siyo huhesabiwa sifuri. Kisha majibu matatu huzidishwa. Moja mara moja mara moja ni moja. Lakini sifuri ikiingia mahali popote, jumla ya kazi yote ni sifuri, hata kama majibu mengine ni kweli tupu. Mashine huagizwa itafute mstari wenye moja. Kwa kanuni mbili ziitwazo INDEX na MATCH jambo hili limewezekana miaka mingi. Na kanuni mpya ya XLOOKUP, iliyotangazwa mwaka 2019, imelirahisisha kwa wenye programu mpya. Kompyuta ya chama ilikuwa na programu ya zamani, ambayo haikubali kanuni ya namna hiyo mpaka vibonye vitatu vibanwe kwa pamoja, Ctrl na Shift na Enter. Kijana alivibana kwa vidole vilivyonyooka kama apigaye kinanda kanisani, na katika seli ya mama mdogo ikatokea 212. Alipoiona, hakusema neno. Alitoa miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaisoma mara ya pili.

Iko njia ya tatu, SUMIFS, ambayo hujumlisha kilo za mistari yote iliyotimiza masharti. Ni nzuri kwa mkulima aliyeleta magunia yake kwa awamu mbili ndani ya mnada mmoja, maana zile njia nyingine zingemlipa awamu ya kwanza tu. Lakini ina ulafi wake. Kama wako wawili wa jina moja katika kijiji kimoja na mnada mmoja, huwajumlisha kana kwamba ni mtu mmoja, tena kwa ukimya uleule niliousema. Kwa hiyo nilimsihi kijana aanze na swali lililo dogo kuliko yote: asiulize kwanza kilo ni ngapi, aulize mistari iliyotimiza masharti ni mingapi. Kanuni yake ni COUNTIFS. Jibu likiwa moja, aendelee kwa amani. Likiwa sifuri, jina limeandikwa kwa namna mbili, au nafasi tupu imejificha mwishoni mwake, ambayo jicho haliioni na mashine huihesabu kuwa herufi. Likiwa mbili au zaidi, ainue mikono kutoka kwenye kibodi, akavute madaftari ya mizani.

Tulifanya hivyo kwa orodha nzima, na kazi ilitutoa asubuhi ikatufikisha alasiri. Majibu ya sifuri yalikuwa mengi kuliko nilivyotazamia: Mhagama ameandikwa Muhagama, Yohana ameandikwa Johana, kijiji kimeandikwa kwa herufi pungufu. Herufi kubwa na ndogo hazikutusumbua, kwa kuwa kanuni hizi haziyatofautishi KOMBA na Komba. Wengi walikuwa na moja. Wenye mbili walikuwa wachache, na kwa kila mmoja wao tulivuta daftari.

Hesabu ya mama mdogo ilikwisha siku hiyo kwenye karatasi, na baada ya majuma kadhaa ikaisha benki. Mabati yalipanda kabla ya mvua, ingawa kwa siku chache tu. Hesabu ya yule mwenye kilo 31 ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa fedha aliyozidishiwa ilikwisha kuwa mbolea na daftari za shule. Mwenyekiti wa chama alitaka aitwe arudishe. Mama mdogo alipinga mbele ya watu, akasema kuwa mwanamke huyo hakuandika namba yoyote, na kwamba ni jina lake mwenyewe, mama mdogo, lililomponza mwenziwe; wakapatana akatwe kidogo kidogo msimu ujao. Sikuwa na la kuongeza. Nadhani alikuwa amewaza juu ya majina zaidi yangu.

Ilibaki jozi moja. Wanaume wawili, jina moja, kijiji kimoja, mnada mmoja, na katika orodha hapakuwa na jina la babu wala kitongoji cha kuwatenga. Masharti yetu matatu yaliwapata wote wawili, na mashine, ilipoulizwa mingapi, ilijibu kwa unyofu: miwili. Waliitwa ofisini siku iliyofuata, wakakaa benchi moja, wakajuliana hali kwa ucheshi wa watu waliozoea kupokea salamu za wenzao. Mmoja alikuja na stakabadhi, ameifunga ndani ya nailoni pamoja na kitambulisho. Wa pili ya kwake ililiwa na panya. Lakini alitaja kilo zake pamoja na nusu iliyozidi, na daftari la mizani lilipofunguliwa nusu hiyo ilikuwapo. Kijana aliwaandika wote wawili, kila mmoja katika mstari wake. Kisha akaongeza safuwima mpya upande wa kushoto kabisa wa jedwali, akaandika juu yake: Namba ya stakabadhi.